Tezi ya Shingo na Chumvi Tunayokula

Sasa unajua kusoma. Unaweza kusoma jina lako, bei ya mbolea na kadi ya kliniki. Leo nataka tusome habari za kitu kilicho ndani ya mwili wako mwenyewe. Kitu hicho hukioni kwa macho, lakini kinafanya kazi usiku na mchana. Kitu hicho huitwa homoni.

Neno homoni ni geni kwetu. Hata huko lilikotoka si la zamani sana. Lilianza kutumika mwaka 1905. Mtaalamu mmoja wa Uingereza, Ernest Starling, ndiye aliyelitumia kwanza. Alilichukua katika lugha ya Kigiriki. Maana yake ni kuamsha au kuchochea. Ndiyo sababu watu wengine huziita homoni vichocheo.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni elimu ya watu wazima hapa Wilaya ya Rungwe. Lakini katika madarasa ya kisomo watu huuliza mambo mengi kupita a, e, i, o, u. Swali moja nimeulizwa katika vijiji vingi. "Mwalimu, rovu linatoka wapi?" Nimeuliza kwa watumishi wa afya, na nimesoma. Haya ndiyo niliyojifunza.

MWILI UNAVYOPELEKA HABARI

Mwili una sehemu nyingi. Kuna moyo, tumbo, ini, figo, mifupa na ubongo. Sehemu hizi zinafanya kazi pamoja, kama watu wa nyumba moja. Watu wa nyumba moja lazima wapashane habari. Mwili nao ni hivyo hivyo.

Mwili una njia mbili za kupeleka habari. Njia ya kwanza ni mishipa ya fahamu. Njia hii ni ya haraka. Ukikanyaga mwiba, mara moja unavuta mguu. Ni kama kumwita jirani kwa sauti.

Njia ya pili ni homoni. Homoni hutengenezwa na tezi. Tezi nyingine, kama zile za jasho na za mate, zina vijia vya kutolea maji yake nje. Tezi za homoni hazina vijia hivyo. Zenyewe humimina homoni ndani ya damu. Damu huzichukua na kuzizungusha mwili mzima.

Je, sehemu zote za mwili huitii homoni hiyo? Hapana. Fikiri juu ya barua. Barua hupita mbele ya nyumba nyingi, lakini hufunguliwa na yule ambaye jina lake limeandikwa juu yake. Homoni nayo hupita kila mahali katika damu. Sehemu zile tu zinazohusika ndizo huipokea na kufanya linalotakiwa.

MIFANO YA KILA SIKU

Umekwenda shambani kukata ndizi. Unainua majani makavu, unaona nyoka. Moyo unapiga kwa nguvu. Nywele zinasimama. Mikono inatetemeka. Unaruka mtaro ambao siku nyingine usingeweza kuuruka. Nani amekupa nguvu hizo? Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Ulipoona hatari, tezi hizo zilimwaga homoni iitwayo adrenalini. Adrenalini iliuambia moyo ukimbie na misuli ijiandae.

Sasa twende kwenye zizi la ng'ombe. Rungwe tunafuga ng'ombe wa maziwa, kwa hiyo jambo hili unalijua. Ukimwosha ng'ombe kiwele kwa maji ya vuguvugu na kumkanda taratibu, maziwa hushuka. Ndama akinyonya, hushuka pia. Kule kuguswa hupeleka habari kwenye ubongo. Kutoka huko homoni huingia katika damu, hufika kwenye kiwele na kuyasukuma maziwa. Lakini akitokea mbwa akabweka, au mtu akampiga ng'ombe fimbo, maziwa huzuilika. Adrenalini imeingia kati. Mama anayenyonyesha naye ni vivyo hivyo. Akiwa na hofu au akigombezwa, maziwa huchelewa kushuka. Kwa hiyo utulivu wa nyumbani ni chakula cha mtoto.

Mfano wa tatu ni chakula. Ukila ndizi au viazi, tumbo huvigeuza kuwa sukari, na sukari huingia katika damu. Nyuma ya tumbo kuna kongosho. Kongosho hutoa homoni iitwayo insulini. Insulini huiwezesha sukari kutoka katika damu na kuingia mahali inapohitajiwa. Insulini ikikosekana, au mwili ukishindwa kuitumia vizuri, sukari hubaki katika damu. Huo ndio ugonjwa wa kisukari.

Umeona? Homoni ni chache sana katika damu, lakini kazi yake ni kubwa.

TEZI YA SHINGO

Sasa tufike kwenye swali la rovu.

Weka vidole vyako mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Hapo ndani pana tezi yenye umbo la kipepeo aliyekunjua mabawa. Hiyo ndiyo tezi ya shingo. Mtu mzima mwenye afya haionekani kwa nje.

Homoni za tezi hii hutawala mwendo wa mwili mzima. Fikiri juu ya mama anayepika. Akisukuma kuni ndani, moto unawaka na chungu kinachemka. Akizivuta nje, moto unafifia. Tezi ya shingo hufanya kazi kama hiyo. Homoni zake zikiwa chache, mwili hupoa. Mtu huhisi baridi hata wenzake wakiwa wamevua makoti. Huchoka haraka. Ngozi inakauka. Choo kinakuwa kigumu. Mawazo yanakuwa mazito. Homoni zikizidi, mambo hugeuka. Moyo hupiga mbio, mikono hutetemeka, jasho hutoka, na mtu hukonda ingawa anakula vizuri.

Tezi ya shingo haijiamulii mambo peke yake. Ina msimamizi. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine, ndogo kama punje ya njegere. Tezi hii ndogo huipima damu kila wakati. Ikiona homoni za shingo zimepungua, hutuma homoni yake kuiambia tezi ya shingo, "Ongeza kazi." Zikitosha, hunyamaza. Kwa njia hiyo mwili hukaa sawasawa.

Lakini hata fundi hodari hawezi kujenga bila matofali. Ili kutengeneza homoni zake, tezi ya shingo inahitaji madini joto. Mwaka 1914 mtaalamu wa Marekani, Edward Kendall, alifaulu kuitenga homoni ya tezi hii peke yake. Ndani yake mna madini joto. Pasipo madini hayo, homoni hiyo haiwezi kutengenezwa.

Jina hili la madini joto lisikutishe. Hayauunguzi mwili. Tena mwili unayahitaji kwa kiasi kidogo sana. Madini joto yote anayohitaji mtu tangu kuzaliwa mpaka uzee hayajazi kijiko kimoja cha chai. Lakini lazima yapatikane kidogo kidogo, siku zote. Mtu hawezi kula chumvi ya mwaka mzima kwa siku moja. Haba na haba hujaza kibaba.

ROVU LINATOKA WAPI

Sasa jibu ni rahisi kulifahamu. Mtu asipopata madini joto, homoni za shingo hupungua. Msimamizi aliye chini ya ubongo huona upungufu huo. Hutuma amri, "Ongeza kazi." Tezi ya shingo hujitahidi, lakini haina madini. Msimamizi hutuma amri tena na tena. Tezi hukua ili inase hata madini kidogo yanayopita katika damu. Mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka, inavimba. Uvimbe huo ndio rovu.

Kwa nini rovu limekuwa tatizo katika nchi za milima kama yetu? Sababu ni mvua. Mlima Rungwe una urefu wa meta 2,960 hivi, na baadhi ya sehemu za wilaya yetu hupata zaidi ya milimeta 2,000 za mvua kwa mwaka. Mvua hiyo inatupa chai, migomba, viazi na majani ya ng'ombe. Lakini pia, kwa maelfu ya miaka, imeosha madini joto kutoka katika udongo. Maji yameyachukua mitoni, na mito imeyapeleka mbali. Ndizi yetu ni tamu, na viazi vyetu ni vizuri. Lakini mmea hauwezi kutoa kitu ambacho hakimo udongoni. Madini joto mengi ya dunia yamo baharini, na ndiyo maana samaki wa baharini wanayo kwa wingi.

Jambo hili haliko Rungwe peke yake. Limeonekana katika nchi nyingi za milima duniani. Kule Uswisi, watu wa milimani nao walikuwa na rovu kwa wingi mpaka walipoanza kutia madini joto katika chumvi, mwanzoni mwa miaka ya 1920.

MAZUNGUMZO KATIKA DARASA MOJA

Siku moja nililieleza somo hili katika kijiji kimoja cha mlimani. Mzee mmoja alisimama. Akasema, "Mwalimu, mvua ilikuwapo tangu enzi za babu zetu. Mbona wao hawakuugua?"

Kabla sijajibu, bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango alicheka. Akasema, "Waliugua, baba. Wewe umesahau. Mama yangu alikuwa nalo, na shangazi zake wawili walikuwa nalo. Tulidhani ni la ukoo."

Wengine wakaanza kutaja mawazo yao. Mmoja alisema rovu linatokana na maji ya kijito fulani. Mwingine alisema linatokana na kubeba mizigo kichwani. Mwingine alisema ni uchawi.

Alikuwapo mama mmoja ambaye siku zote alikuja darasani akiwa amejifunga kitambaa shingoni. Hata wakati wa joto hakukifungua. Siku ile aliinua mkono. Akasema kwamba wakwe zake walimwambia rovu lake ni adhabu. Walisema mtu mwenye shingo ya namna ile lazima ana jambo alilolikosa. Mtoto wake wa pili alizaliwa akiwa hasikii, naye alilaumiwa kwa hilo pia. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo si mimi niliyekosa?"

Nilimjibu, "Hapana, mama. Hukukosa neno lolote. Mwili wako ndio uliokosa madini joto."

Darasa zima lilinyamaza. Nilimwambia pia kwamba mtoto anaweza kuzaliwa bila kusikia kwa sababu nyingi. Hakuna awezaye kuitambua sababu ya mtoto wake kwa kumtazama tu. Lakini adhabu si mojawapo ya sababu hizo.

Baadaye alikwenda hospitalini kupimwa. Aliambiwa kwamba rovu lake ni la miaka mingi, na kwamba chumvi peke yake haitaliondoa. Lakini halikuwa na hatari kwa wakati ule. Aliambiwa arudi kuangaliwa. Aliporejea darasani alikuwa na kitambaa kile kile, lakini safari hii amejifunga kichwani.

HATARI ISIYOONEKANA

Ndugu msomaji, rovu linaonekana kwa macho. Lakini hasara kubwa ya upungufu wa madini joto haionekani shingoni. Hasara hiyo iko katika ubongo wa mtoto.

Mtoto akiwa tumboni, ubongo wake unajengwa kila siku. Kazi hiyo inahitaji homoni za tezi ya shingo. Lakini mwanzoni mtoto hana uwezo wa kuzitengeneza za kumtosha. Mpaka karibu nusu ya mimba, hutegemea sana homoni za mama yake. Mama akipungukiwa sana, mtoto hupungukiwa. Mimba inaweza kutoka. Mtoto anaweza kuzaliwa mfu. Au anaweza kuzaliwa hai, lakini akawa mzito wa kusikia, wa kusema, wa kutembea au wa kufahamu. Ubongo ulioharibika namna hiyo tumboni haurudishwi baadaye kwa dawa yoyote.

Wako pia watoto ambao upungufu wao ni mdogo. Wanacheza na wenzao, wanachunga, wanachota maji. Lakini darasani wanachelewa. Huitwa wavivu na kuchapwa bure. Huenda kosa lilianza kabla hawajazaliwa, katika chungu cha mboga nyumbani.

Kwa hiyo mama mjamzito anahitaji madini joto mengi kuliko watu wengine. Anayahitaji hata kabla hajajua kwamba ana mimba. Ndiyo sababu nyumba nzima lazima itumie chumvi nzuri siku zote. Haifai kungoja mpaka tumbo lionekane.

NCHI YETU ILIVYOPIGANA NA ROVU

Nchi yetu haikukaa kimya. Mwaka 1973 iliundwa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba Nyanda za Juu Kusini ni miongoni mwa sehemu zilizopungukiwa sana na madini joto. Katika miaka ya 1980 watu wa wilaya zilizoathirika zaidi walianza kupewa vidonge vya mafuta yenye madini joto. Huenda wazazi wako wanavikumbuka.

Vidonge vilisaidia, lakini haikuwa rahisi kuvifikisha kwa kila mtu kila wakati. Ilitakiwa njia nyingine. Je, ni kitu gani kinachofika katika kila nyumba, ya tajiri na ya maskini? Ni chumvi. Kwa hiyo katikati ya miaka ya 1990 ziliwekwa kanuni za kutaka chumvi ya kuliwa itiwe madini joto.

Watu wengine husema, "Chumvi ya baharini ina madini joto yake yenyewe." Sivyo. Maji ya bahari yanapokaushwa, chumvi inayobaki haina madini joto ya kututosha. Lazima yaongezwe kiwandani au pale inapotengenezwa. Chumvi yote ni nyeupe, na chumvi yote ina ladha ya chumvi. Huwezi kujua kwa kuonja.

Sasa utajuaje?

KUSOMA KWAKO NI KINGA

Hapa ndipo kisomo chako kinapofanya kazi. Ukienda dukani au gulioni, shika pakiti ya chumvi. Isome. Tafuta maneno MADINI JOTO. Maneno hayo ni mafupi, na herufi zake zote unazijua. Ukiyaona, nunua. Usipoyaona, mwulize mwenye duka. Chumvi ya kupima kwa kopo, isiyo na pakiti wala maandishi, haikuambii lolote. Pengine ina bei nafuu kidogo. Lakini bei yake inaweza kulipwa na mtoto.

Iko pia njia ya kupima. Watumishi wa afya wanaweza kuwa na kichupa kidogo cha dawa. Wakidondosha tone moja juu ya chumvi yenye madini joto, chumvi hugeuka rangi ya bluu au zambarau. Isipobadilika, madini joto hayamo. Mwombe mtumishi wa afya aje siku moja kuwaonyesha darasani. Kila mmoja alete chumvi ya nyumbani kwake.

Ukishainunua, itunze. Rungwe kuna unyevu mwingi, na unyevu hupunguza madini joto. Tia chumvi katika chombo kikavu chenye mfuniko. Usiiweke kando ya moto wala juani. Usiioshe. Unapopika, itie chakula kikikaribia kuiva.

Tena usile chumvi nyingi ukidhani utapata madini joto mengi. Chumvi nyingi huleta ugonjwa wa shinikizo la damu. Kijiko kimoja cha chai kwa mtu mzima kwa siku kinatosha, pamoja na ile iliyo ndani ya chakula. Tule chumvi kidogo, lakini iwe ile iliyo sawa.

Kama una rovu tayari, nenda zahanati au hospitali upimwe. Usichanjwe shingoni. Usinunue dawa mwenyewe, kwa maana rovu lina aina zaidi ya moja, na dawa inayomfaa mmoja inaweza kumdhuru mwingine. Wahi haraka kama rovu linakua kwa kasi, linakuzuia kumeza au kupumua, au kama moyo unakwenda mbio. Na kama jirani yako ana rovu, usimcheke wala usimtilie shaka. Mwambie uliyoyasoma hapa.

Mwisho, nakupa kazi moja. Leo jioni, chukua pakiti ya chumvi iliyo jikoni kwako. Wasomee watu wa nyumbani kwa sauti maneno yaliyoandikwa juu yake. Kama wako ndani binti au mkwe anayetarajia kuzaa, msomee yeye kwanza. Kama hakuna pakiti, au maneno ya madini joto hayapo, basi kesho ukipita dukani unajua la kutafuta.